Serikali mtandao kwenye mizani: e-GA, namba ya malipo, *152*00# na e-Mrejesho

Ukitaka kupima kazi ya chombo kinachosimamia TEHAMA serikalini, usianzie kwenye hotuba za uzinduzi. Chukua shughuli moja ya kawaida, kulipia pasipoti, faini ya barabarani au leseni ya biashara, kisha ifuate shilingi na taarifa zake kuanzia zinapotoka hadi zinapofika. Kwa kipimo hicho, Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania, e-GA, inapata alama nzuri kuliko wengi wanavyoipa. Udhaifu wake uko kwingine: huduma ikikwama, mwananchi hajui amfuate nani, kwa sababu shughuli moja inapita mikononi mwa ofisi nne au tano na kila moja inaona kipande chake tu.

Nani anasimamia nini

e-GA ilianza mwaka 2012 ikiwa Wakala wa Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Ilikuwa na mafundi na ilitoa ushauri, lakini taasisi ikikataa ushauri, mambo yaliishia hapo. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoifanya Mamlaka yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza Serikali Mtandao, na kuhakikisha taasisi za umma zinafuata sera, kanuni, viwango na miongozo. Makao makuu yako Dodoma. Iko chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, wala si chini ya wizara ya mawasiliano, na hilo lina uzito. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuuchelewesha mwongozo uliotoka wizara ya kisekta hadi mwaka upite. Ukitoka ofisi inayoshika ajira na uhamisho wake, anausoma siku hiyohiyo.

Pembeni yake kuna vyombo vingine vinavyochanganywa nayo kila siku. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inasimamia kampuni za simu, utangazaji, masafa na posta. Vifurushi vya simu na intaneti ya nyumbani ni vya kwake. Tume ya TEHAMA, ya mwaka 2015, kazi yake ni kukuza sekta na wataalamu wake. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatokana na Sheria Na. 11 ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa zako zikivujishwa, mlango ni huo. Mfumo wa malipo ni wa Hazina. Zanzibar ina chombo chake cha serikali mtandao. Mpangilio huu una mantiki ukiutazama kwenye karatasi, ila hakuna mwananchi anayetembea na karatasi hiyo mfukoni.

Namba ya malipo

Hii ndiyo huduma iliyogusa watu wengi kuliko zote. Namba ya malipo, ambayo dirishani inaitwa control number, ina tarakimu 12 na huanza na 99. Inatoka GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Safari yake iko hivi: mfumo wa taasisi unatengeneza ankara na kuipeleka GePG, GePG inarudisha namba, wewe unaipeleka benki, kwa wakala au kwenye simu, benki au mtandao wa simu unaiuliza GePG namba hii ni ya ankara gani, kiasi gani, muda wake umekwisha au bado, ukishalipa, taarifa inarudi GePG, na GePG inaifikisha kwenye mfumo wa taasisi. Baadaye hesabu za pande zote zinalinganishwa.

Kila kituo kwenye safari hiyo kina namna yake ya kukwama, na kujua ni kituo kipi kunaokoa siku nzima ya kuzunguka.

Simu ikijibu kwamba namba haipo, kwanza zisome tarakimu upya mbili mbili. Kubadilisha nafasi za tarakimu mbili ndiyo ajali ya kawaida, hasa kwa anayenakili kutoka karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kama ziko sawa, huenda ankara haijafika GePG. Subiri kidogo, kisha omba taasisi iitume tena. Ikijibu kwamba muda umekwisha, hakuna cha kubembeleza: kila ankara ina tarehe ya mwisho, na dawa ni namba mpya. Ikikataa kiasi, jua kwamba si ankara zote zinapokea malipo kwa namna moja. Zipo zinazolipwa kidogo kidogo, na zipo zinazotaka kiasi kilekile hadi shilingi ya mwisho. Na kama kiasi ni kikubwa, kumbuka pochi ya simu ina ukomo wa kutuma kwa siku. Kiwanja au kodi ya mamilioni kalipie benki.

Tatizo linaloumiza kuliko yote ni pesa kukatwa huku taasisi ikisema haijaona kitu. Hapo kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kulipa tena. Usilipe. Tunza ujumbe wa mtandao wenye namba ya muamala, nenda kwa mhasibu wa taasisi, na umuulize swali moja mahsusi: malipo ya namba hii yanaonekana GePG au hayaonekani? Yakionekana, basi yamekwama kati ya GePG na mfumo wa taasisi, na kuyaingiza ni kazi yao. Yasipoonekana, yamekwama kwa benki au mtandao, na hapo ndipo unapopiga simu huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala mkononi. Ukianza na mtandao wa simu, watakuambia muamala umekamilika. Kwa upande wao ni kweli, na utarudi ulikotoka.

Pasipoti ni mfano mzuri wa namna ankara zinavyogawanyika. Ada ni shilingi 150,000, lakini hailipwi kwa mkupuo. Unajaza maombi kwenye tovuti ya Uhamiaji, unalipa 20,000 za fomu, unaichapisha, halafu 130,000 zinafuata ombi likishapokelewa. Usijaribu kulipa zote kwa namba ya kwanza. Ankara ile ni ya 20,000 tu. Namba ya ombi iandike mahali, kwa sababu ndiyo inayokurudisha kwenye fomu yako umeme ukikatika katikati.

Kuna jambo dogo linaloleta kero kubwa: vijana wa steshenari wanaojazia watu fomu huweka namba zao za simu pale mfumo unapotaka namba ya mwombaji, ili kazi iende haraka. Matokeo yake ujumbe wa namba ya malipo, uthibitisho wa malipo na wito wa kurudi ofisini vyote vinatua kwenye simu ya steshenari. Kaa pembeni yake, hakikisha namba iliyowekwa ni yako, na barua pepe ni yako. Neno la siri badilisha ukifika nyumbani.

Matapeli nao wameingia. Namba halali ya malipo ya Serikali hulipiwa kwenye menyu ya malipo ya Serikali, iwe *150*00#, *150*01#, *150*60# au ya mtandao mwingine wowote. Mtu akikutaka utume ada ya Serikali kwa namba ya simu ya kawaida au kwa Lipa Namba ya duka, hata akiwa amevaa kitambulisho, hiyo pesa haiendi Hazina. Kwenye tovuti, angalia mwisho wa anuani. Anuani za .go.tz hutolewa kwa taasisi za umma pekee. Tangazo la ajira serikalini au la mkopo wa vijana lililokaa kwenye anuani ya bure ni la kufunga na kuendelea na shughuli zako.

Hukumu: GePG ni bora kuliko vitabu vya stakabadhi vilivyokuwepo, hakuna ubishi. Fedha inaonekana ilikopita, na mkusanyaji wa ushuru hana nafasi kubwa ya kuchana kurasa. Inachokosa ni ukurasa mmoja wa wazi ambao mlipaji angeweka tarakimu zake 12 akaona ankara imefika kituo gani. Taarifa hiyo ipo ndani ya mfumo. Mhasibu anaiona, na mwenye pesa angepaswa kuiona pia.

*152*00#

Huu ndio mlango wa Serikali kwa mwenye kitochi, na kwa maoni yetu ndiyo kazi ya e-GA isiyosifiwa inavyostahili. Namba moja ya kupiga, haihitaji bando, na huduma za taasisi nyingi ziko nyuma yake. Ujumbe mfupi unapita namba 15200.

Chukua matokeo ya mtihani. Maelekezo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yamekuwa haya: piga *152*00#, chagua 8 Elimu, kisha 2 NECTA, kisha 1 Matokeo, chagua aina ya mtihani, andika namba ya mtahiniwa pamoja na mwaka kwa mtindo wa S0334-0556-2019, halafu kubali gharama ya shilingi 100 kwa ujumbe. Herufi ya mwanzo lazima iwepo, vistari viwepo, na mwaka usisahaulike. Wengi wanaoshindwa wameacha kistari, na kwenye kitochi kistari kimefichwa kwenye vitufe vya alama, kwa hiyo kitafute kabla hujaanza kupiga. Menyu hupangwa upya mara kwa mara. Soma kilichoandikwa kwenye skrini badala ya kubonyeza namba ulizokariri mwaka jana. Mwenye simu janja asisumbuke, matokeo hayohayo yako bure kwenye tovuti ya baraza.

Kasoro za njia hii nyingi zinatokana na teknolojia yenyewe. Skrini moja inabeba herufi 182 tu, ndiyo maana menyu zimefupishwa hadi zinafanana na mafumbo. Muda nao haukusubiri: ukichelewa kuandika, kikao kinakatika na unaanza upya. Dawa yake ni kuandika kila kitu kwenye karatasi kwanza, namba ya mtahiniwa, tarehe ya kuzaliwa, majina. Kwa anayetafuta namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, majina ndiyo mtego, kwani mfumo unalinganisha herufi kwa herufi na fomu aliyojaza, pamoja na majina ya mama. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa kompyuta. Ukipata jibu kwamba hupatikani, jaribu kwanza tahajia iliyoko kwenye cheti cha kuzaliwa kabla ya kupanga foleni ofisini. Namba sahihi ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa ikianza na mwaka. Hicho ni kipimo cha haraka cha kujua kama uliyopewa ni yako.

Ambacho e-GA ingeweza kukirekebisha kesho asubuhi ni lugha ya menyu. Ndani ya mlango uleule, taasisi moja inaandika Kiswahili kizuri, nyingine inachanganya, nyingine inatumia vifupisho vinavyoeleweka ofisini kwao tu. Viwango vipo, na Mamlaka ina nguvu ya kuvidai.

Nyuma ya pazia: taasisi inapotaka mfumo mpya

Sehemu hii mwananchi haioni, lakini ndiyo sababu hasa ya kuwa na chombo kama hiki. Kabla ya sheria ya 2019, wizara ilikuwa na mfumo wake wa mafaili, jirani yake alikuwa na mwingine, na mkandarasi aliyewauzia wote wawili alikuwa mmoja. Sasa utaratibu ni huu: taasisi inakuwa na kamati yake ya kuongoza TEHAMA, inaandika mpango, inawasilisha andiko la mradi e-GA, na Mamlaka inaangalia kama kuna mfumo unaofanya kazi hiyohiyo tayari, usalama ukoje, na mfumo utahifadhiwa wapi. Baadaye ndipo ununuzi unafuata.

Utaratibu huo huvunjika kwenye mpangilio wa wakati. Andiko hufika mkataba ukiwa tayari umesainiwa, au mradi wa mfadhili unakuja na programu yake ndani ya boksi na tarehe ya kuzinduliwa ikiwa imepangwa. Wakati huo Mamlaka ikisema hapana inaonekana mchawi wa maendeleo, kwa hiyo inasema ndiyo yenye masharti, na masharti yanasahauliwa. Anayeandaa mradi aingize muda wa mapitio kwenye kalenda ya bajeti tangu mwanzo, na awe na majibu ya maswali manne ambayo yatakuja tu: msimbo wa programu utabaki kwa nani, leseni inalipiwa kila mwaka kwa kasma ipi, taarifa zitabadilishana na mifumo gani, na nani ataendesha mfumo mtaalamu mkuu akihamishwa. La mwisho limeua mifumo mingi kuliko wadukuzi.

Suala la msimbo halina mfano mzuri kuliko ununuzi wa umma. Mfumo wa zamani wa zabuni, TANePS, ulitoka kwa kampuni ya nje. NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani ya Serikali, ulichukua nafasi kuanzia Julai 2023. Wazabuni walilalamika sana miezi ya mwanzo, na baadhi ya malalamiko yalikuwa ya haki, lakini kasoro ikionekana, fundi wa kuirekebisha yuko Dodoma na hatozi kwa dola.

e-GA yenyewe inatoa mifumo ya pamoja: barua pepe za Serikali, e-Ofisi kwa mafaili, na GovESB, ambayo ni njia ya mifumo kubadilishana taarifa. Barua pepe zimeenea, ingawa bado unakuta tangazo la ofisi ya umma lenye anuani ya Gmail chini yake, jambo ambalo kwa usalama na kwa heshima ya ofisi halina utetezi. e-Ofisi imepunguza mafaili yanayopotea kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. GovESB ndiyo muhimu zaidi na ndiyo iliyo nyuma zaidi. Rais Samia Suluhu Hassan amelisema mara nyingi: mifumo isomane. Kusomana kukifanya kazi, huoni chochote: unaandika namba ya NIDA, majina yanajitokeza yenyewe. Kusipofanya kazi, wewe ndiye unayegeuzwa kuwa waya. Waombaji wa mikopo ya elimu ya juu wamekuwa wakihakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala anayesajili vizazi na vifo, wakipata namba ya uhakiki, kisha wakiinakili kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo. Ofisi mbili za Serikali moja zinatumiana ujumbe kwa mkono wa kijana wa miaka 19.

Njia pekee ya kulitatua ni kuweka sharti kwenye andiko la mradi: hakuna mfumo mpya unaoruhusiwa kumwomba mwananchi karatasi ambayo Serikali yenyewe ndiyo iliyoitoa. Mamlaka inayo kalamu hiyo.

Majirani walivyofanya

Kenya waliunganisha vyombo vitatu kuwa Mamlaka ya TEHAMA mwaka 2013, na kwa mwananchi wakaenda njia tofauti na yetu: mlango mmoja, eCitizen, akaunti moja na namba moja ya kulipia, 222222. Kwa mtumiaji ni raha. Hukariri tovuti ya kila taasisi, na malipo ya zamani yako palepale kwenye akaunti yako. Gharama yake ilionekana Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa mtandaoni: huduma nyingi zilisimama kwa pamoja, kuanzia viza hadi leseni. Tanzania ina mtunza fedha mmoja na milango mingi. Pasipoti iko Uhamiaji, leseni ya biashara iko TAUSI ya TAMISEMI, kampuni iko BRELA, na kila mlango una neno lake la siri. Mmoja ukianguka, mingine inabaki wazi. GePG ikiyumba, yote inasubiri. Kwa usalama mpangilio wetu si mbaya. Kwa mtu anayefungua duka, anayehitaji NIDA, TIN na leseni ndani ya wiki moja, ni akaunti tatu na pengine nywila tatu zilizoandikwa nyuma ya daftari moja.

Ukikwama

e-Mrejesho, mfumo wa mwananchi kuziandikia taasisi za umma, inapatikana kwenye tovuti, kwenye programu ya simu na ndani ya *152*00#. Inapokea lalamiko, ulizo, pendekezo au pongezi. Chagua aina kwa uangalifu: lalamiko lililoandikwa kama ulizo hujibiwa kwa aya moja ya maelezo ya jumla na kufungwa. Chagua taasisi sahihi pia, na hapa ndipo ule mgawanyo wa mwanzo unapokuuma. Pesa imekwama kwenye ada ya halmashauri? Andika kwa halmashauri, hata kama unaamini kosa ni la GePG, kwa sababu ankara ni yao na wao ndio wanaoweza kuwaandikia Hazina. Mtandao wa simu umegoma kurudisha pesa? Maliza kwanza na kampuni yenyewe, upate namba ya lalamiko lako. Taarifa zako binafsi zimewekwa hadharani? Hiyo ni ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Udhaifu wa e-Mrejesho ni kwamba anayelalamikiwa ndiye anayejibu. Taasisi yenye dawati la malalamiko linalofanya kazi hujibu vizuri. Yenye dawati la jina tu hujibu kwa kukutaka ufike ofisini. Ndiyo maana lalamiko linafaa kuandikwa namna ambayo afisa hana pa kukukwepa: tarehe na saa, namba ya malipo yenye tarakimu 12, namba ya muamala, kiasi, ulicholipia, na sentensi moja inayosema unataka nini kifanyike. Picha ya skrini iambatishe, lakini kwanza ifunike salio lako. Namba ya ufuatiliaji utakayopewa ihifadhi, na jibu lisipotosheleza, itaje namba hiyohiyo kwenye lalamiko la pili badala ya kuanza hadithi upya.